Mgeni hulipa ili akae nje, sisi twakaa bure

Hapa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, kuna wageni wanaolipa fedha nyingi ili wale chakula nje. Meza tunazipanga juu ya mchanga, chini ya minazi, na anayewahi huomba iliyo karibu zaidi na maji. Mimi ni mhudumu wa meza hizo kwa mwaka wa 11 sasa.

Zamu ikiisha napanda baiskeli narudi kwangu, ambako nasi twakaa nje. Nyumba ina vyumba viwili vya bati, na mchana haikaliki kwa joto. Maisha yetu yote yako uwanjani: mafiga matatu, kuni na vifuu vya nazi, mkeka chini ya mwembe. Binti yetu wa miaka 10 hufanya kazi zake za shule hapo mpaka adhana ya magharibi. Tukishakula, tunabaki hapo hapo kuzungumza mpaka usingizi uwachukue watoto.

Mwaka jana shemeji yangu aliyeko Muscat alinitafutia kazi ya mgahawani. Mkataba wa miaka 2, mshahara mara tatu ya ninaoupata. Mke wangu hakunizuia. Aliniambia, "Nenda ukipenda, baba watoto, lakini tuhesabu vyote, si mshahara peke yake."

Tukaketi mkekani tukahesabu. Upande mmoja, bati jipya na akiba ya masomo. Upande wa pili, miaka 2 ya kuwaona watoto kwenye simu. Wiki za zamu ya jioni asubuhi zangu ni huru, na siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka mbali sana. Mke wangu huenda kufunga mwani kwenye kamba na vigingi, mimi na mdogo wetu tunafuata nyuma. Ameshajua kuwa kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana. Ameshajua pia kutomkanyaga yule mnyama wa baharini mwenye miiba mirefu myeusi. Mambo hayo hayafundishiki kwa simu.

Sitaki mzazi anayesoma haya adhani kwamba ufukara ni mtamu. Aprili na Mei, masika ikikaza, hoteli nyingi za upande wetu hufunga au hupunguza watu, na mshahara husimama. Uwanja huwa tope, jiko huhamia ndani na moshi wake, na bati linavuja. Muhogo kwa dagaa unakuwa chakula cha kila siku. Kuridhika hakuzibi paa.

Kwa hiyo tulijiwekea utaratibu. Bakshishi tunazogawana hotelini kila wiki, nusu yake inaingia kwenye kibubu, na hakivunjwi mpaka masika. Fedha za mwani zinanunua bati, mawili mawili. Mpaka sasa chumba cha watoto hakivuji tena, na chetu kitafuata. Ni mwendo wa kobe, lakini tunaiona kazi inakwenda.

Shemeji nilimshukuru, nikamwambia nabaki. Alininunia mwezi mzima, na simlaumu, kwani alinitakia mema. Wapo wenzangu waliokwenda na wamejenga nyumba nzuri, na wake zao wamelea vizuri. Kila nyumba ina hesabu zake.

Nafasi nyingine ikija, tutaketi tena mkekani, na huenda siku hiyo jibu likawa jingine. Watoto watakuwa wamekua. Kwa sasa mdogo ana miaka 5, na bado hajui kulitambua pango la pweza.