Sehemu ya 9: Wimbo mmoja, vilio vitatu

Leo sizungumzii chanjo wala uji wa lishe. Nazungumzia kelele.

Mwanangu ana miaka 16 na anapenda hevi metali, ile roki nzito ya magitaa yanayonguruma. Natoka zamu ya usiku nataka kulala, chumbani kwake dunia inapasuka. Siku moja nikamwambia, "Baba, huo muziki wa kishetani sitaki kuusikia humu ndani." Akavaa spika za masikioni. Toka siku hiyo tukawa tunasalimiana tu.

Bibi yake alipofariki hakulia. Msibani alipanga viti, akagawa chai, basi. Nikasema ndivyo walivyo watoto wa kiume. Nesi mzima, nasema hivyo!

Wiki mbili baadaye narudi asubuhi, nasikia kwake sauti ya mzee anaimba kama analia. Taratibu, na tarumbeta. Nikagonga.

"Huyu nani?"

"Charles Bradley. Ila wimbo ni wa Black Sabbath, mama. Hao hao uliowakataza."

Akanieleza. Wimbo unaitwa Changes, wa mwaka 1972. Black Sabbath walitokea Birmingham, Uingereza, na wengi huwahesabu waanzilishi wa hevi metali. Lakini humo hamna gitaa zito wala ngoma. Tony Iommi, mpiga gitaa wao, anapiga piano. Ulitokana na ndoa ya mpiga ngoma wao, Bill Ward, iliyokuwa inavunjika.

Mwaka 2003 Ozzy Osbourne akaurudia na binti yake Kelly. Wakabadilisha maneno, ukawa wimbo wa baba na mtoto anayekua, ukashika namba 1 Uingereza.

Halafu Bradley, Mmarekani, akaurudia kwa mtindo wa soul. Huyu alilelewa na bibi yake Florida. Alipofika miaka 8 mama yake akamchukua, akampeleka Brooklyn. Hawakuelewana, akiwa kijana alitoroka nyumbani, akawa analala kwenye treni. Baadaye sana walipatana, akarudi kumtunza. Aliurekodi wimbo huu mama yake akiwa hai. Mama alipofariki mwaka 2014, ukawa wimbo wa kumlilia. Kwenye video ni uso wake tu, mpaka machozi yanamtoka.

Nikakaa kitandani. Maana mwanangu naye alilelewa na bibi yake mpaka darasa la tatu, kwa ajili ya zamu zangu. Nilipokwenda kumchukua, mimi nilijua namrudisha nyumbani. Kumbe mwenzangu alikuwa anaondolewa nyumbani.

Akasema bila kuniangalia, "Mama, wewe ulifiwa na mama, watu wakakupa pole ya mama. Mimi walinipa pole ya bibi."

Sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Urudie tena." Tuliusikiliza mara tatu. Ya tatu tulikuwa tunalia wote.

Mama zangu, mtoto mkubwa mara nyingi hatakuja kukwambia "nina huzuni". Anatafuta mtu aliyekwisha kuisema, hata kama ni mzee wa Marekani asiyemjua. Kelele peke yake si ugonjwa. Ukiona hali, halali, amejifungia wiki nzima nzima, ameacha vitu alivyokuwa anavipenda, usingoje, mlete kituo cha afya. Akitamka habari za kufa, mlete siku hiyo hiyo, usimwache peke yake. Kabla ya kufika huko, gonga mlango, uliza ni wimbo gani, kisha ukae usikilize mpaka mwisho. Mimi nilichelewa.

Sauti ya juu bado tunagombana, maana masikio hayana vipuri. Ila kukataza nimeacha.

Wa kwako anasikiliza nini? Kamuulize leo, kisha uje utuambie hapa chini. Sehemu ya 10 tunarudi kwenye homa za usiku.