Kiatu Kimfuate Mguu

Kila Januari shule zinapofunguliwa, fedha za nyumbani huishia kwenye mambo matatu: sare, madaftari na viatu. Sare ikiwa kubwa tunakunja pindo. Daftari la mkubwa na la mdogo ni lile lile. Lakini kiatu hakikunjwi pindo, na hakuna miguu miwili inayolingana kabisa, hata ya mtoto mmoja. Ndiyo maana sisi akina mama wa mtaa mmoja hapa Kilwa Masoko tumeona tuwashirikishe wenzetu yale tuliyojifunza juu ya jambo hili dogo linaloumiza sana.

Huku kusini viatu hutufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni mitumba. Zamani tulitazamia viatu vya nyumbani kwetu: Kiwanda cha Viatu cha Morogoro kilijengwa kwa msaada wa Benki ya Dunia ili kitoe jozi milioni 4 kwa mwaka. Hakikulikaribia lengo hilo, na mwaka 1990 kikafungwa. Leo wengi wetu huchagua sokoni, kiatu kimoja kimoja, na mara nyingine wa kushoto unapatikana kabla ya wa kulia. Njia ya pili ni ndugu aliyeko Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 300 kutoka hapa. Tunamwachia dereva wa basi kijiti au uzi uliopimwa kwenye mguu wa mtoto, ndugu anakwenda Kariakoo, na baada ya siku chache mzigo unarudi.

Kwa njia hiyo ya pili, binti wa mwenzetu, mwenye miaka kumi na miwili, aliletewa njumu na mjomba wake. Alikuwa amechaguliwa kwenda Lindi na timu ya mpira ya wasichana katika michezo ya UMITASHUMTA. Njumu zilikuwa mpya na za kupendeza, na urefu wake ulilingana na kijiti. Baada ya wiki moja mtoto alianza kutembelea pembeni mwa unyayo. Kisha akasema hataki tena kwenda Lindi, apewe mwingine nafasi yake.

Mama yake alipomvua soksi aliona ukucha wa kidole gumba umekuwa mweusi, na nyuma ya kisigino lengelenge limepasuka.

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Mjomba atasema sina shukrani, mama."

Maneno hayo yalituingia sote. Tunawafundisha watoto kupokea kwa mikono miwili na kusema ahsante, na ndivyo inavyopasa. Lakini mtoto mwenye adabu ndiye atakayeficha maumivu ili asimvunje moyo aliyempa. Kwa hiyo siku hizi tunawaambia watoto wetu waziwazi: kusema kiatu kinabana si utovu wa shukrani. Hata aliyeleta zawadi hakuileta ili imuumize mtoto.

Wala si watoto peke yao. Abebe Bikila wa Ethiopia alikwenda Roma mwaka 1960 kukimbia marathoni ya Olimpiki. Katika viatu alivyopewa huko hakupata jozi iliyomkaa vizuri, akaamua kukimbia miguu mitupu, akashinda. Mwaka 1964 huko Tokyo alivaa viatu, akashinda tena. Hatusemi watoto wetu watembee pekupeku, kwa maana miiba, misumari na funza tunavijua. Tunasema tu kwamba hata bingwa hakukubali kiatu kimtawale.

KUPIMA MGUU

Kijiti hupima urefu peke yake, na mguu una upana pia. Njumu za binti yule zilikuwa na urefu wa kutosha, ila zilikuwa nyembamba. Mwekee mtoto kipande cha boksi sakafuni, asimame wima kwa miguu yote miwili, kisha chora kwa penseli iliyosimama wima kuuzunguka mguu mmoja, halafu wa pili. Fanya hivyo alasiri, kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri mchana unavyokwenda. Kiatu kilichokaa vizuri saa mbili asubuhi kinaweza kubana saa kumi jioni.

Kata mchoro wa mguu ulio mkubwa zaidi, uupeleke dukani au umpe ndugu wa Dar. Ukiuingiza ndani ya kiatu nao ukajikunja pembeni au mbele, kiatu hicho ni kidogo, hata kama namba inasema vingine. Namba zenyewe hazifanani. Katika namba za Uingereza, kutoka namba moja hadi inayofuata ni theluthi ya inchi, yaani karibu milimita 8.5. Katika zile za Ulaya, kama 36 na 37, ni karibu milimita 6.7. Isitoshe, kila kiwanda kina kalibu zake.

KUJARIBU

Mtoto avae viatu vyote viwili pamoja na soksi atakazovaa shuleni. Asimame, asikae. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya sentimita 1 hadi 1.5, upana wa kidole gumba cha mkono wako. Kidole kirefu si lazima kiwe gumba, wengine ni cha pili. Kisha atembee. Kisigino kikipanda na kushuka, kiatu ni kikubwa. Njumu huvaliwa zikiwa zimekaza zaidi kuliko za shule, lakini vidole viweze kunyooka.

Tunajua desturi ya kununua namba mbili zaidi ili "akue nacho". Kuongeza kidogo ni sawa. Kuongeza sana hakuokoi fedha: mtoto huburuta miguu, hujikwaa, na kiatu hukunjika mahali pasipo pake, kikapasuka kabla hajakifikia.

Ukinunua mtumba, geuza soli. Ikiwa imelika upande mmoja, mwenye kiatu wa kwanza alikuwa na mwendo wake, na mtoto wako ataurithi. Pitisha na mkono ndani kutafuta msumari au mshono uliovimba.

KUREKEBISHA

Tulipompelekea fundi wetu zile njumu, alizibonyeza kwa dole gumba akatikisa kichwa. "Mama zangu, ngozi ningeitanua. Hii ni plastiki, haisikii." Tulimshukuru kwa kutochukua fedha yetu bure. Kutoka kwake na kwa wenzetu tumekusanya haya:

Ngozi ikibana pembeni, fundi huweka kalibu ya mti ndani na kuiacha siku mbili tatu. Nyumbani unaweza kuijaza magazeti yenye unyevu usiku kucha. Ngozi hutanuka kwa upana tu. Kiatu kilicho kifupi mpe mtoto mwingine.

Kisigino kikikata, paka mafuta ya nazi kidogo sehemu ile ngumu na uikande kwa vidole kila jioni. Kwanza jaribu mahali pasipoonekana, kwa kuwa mafuta hufanya ngozi iwe nyeusi zaidi.

Kiatu kikiwa kikubwa kidogo, kata soli ya ndani ya sponji. Usisokomeze karatasi puani, kwani hukusanyika na kukandamiza vidole. Kisigino kikichomoka, zifungue kamba na uzifunge upya, ukianza kwa kukirudisha kisigino nyuma kabisa na kuzikaza kuelekea juu. Juu ya mguu kukibana, ruka tundu moja la kamba mahali hapo.

Kiatu kikilowa maji ya bahari, kisuuze kwa maji baridi na ukikaushe kivulini. Jikoni au juani ngozi hukauka ikawa ngumu na kusinyaa.

Lengelenge lisitumbuliwe. Lioshe kwa maji safi na sabuni, ulifunike kwa kitambaa safi, na kiatu hicho kipumzike mpaka papone. Likitoa usaha au mguu ukivimba, nenda zahanati.

Hapo tuwakumbuke na wazazi wetu. Mwenye ugonjwa wa kisukari aweza kupoteza hisia miguuni, asisikie kiatu kinapomchubua, na kidonda kidogo kikageuka kuwa kikubwa. Bibi wa namna hiyo asisubiri maumivu. Tumkague nyayo kila jioni, pamoja na kati ya vidole, na tupitishe mkono ndani ya viatu vyake kabla hajavivaa.

Na yule binti? Jirani yetu alikuwa na njumu za ngozi, za mtumba, ambazo mwanawe alikwisha kuzipita. Zilikuwa pana na ndefu kidogo. Fundi alikata soli ya sponji, mama akapaka mafuta ya nazi kisigino, na mtoto akazivaa nusu saa kwa siku mpaka zikamzoea. Mjomba alipoelezwa kwa simu alicheka, akasema zile mpya apewe mwenye mguu mwembamba. Lindi binti alicheza mechi zote. Kikombe hawakurudi nacho, lakini alirudi akitembea sawasawa.

Tangu hapo tumeweka boksi moja nyumbani kwa mwenzetu. Kila muhula unapofungwa tunapima miguu ya watoto wote barazani, na viatu vilivyopitwa huingia humo vikiwa vimesafishwa na kukaushwa. Anayehitaji anachagua kwa mchoro wake, bila kuona haya. Jaribuni na ninyi mtaani kwenu, tena anzeni leo jioni: mvue mwanao viatu, utazame vidole vyake, na umwulize kama vinamuuma.