Motokaa Kuukuu: Tuinunue au Tuiache?

Siku hizi motokaa si mali ya matajiri peke yao. Walimu, wauguzi, hata wakulima wa mpunga na pamba wanazo. Nyingi hutoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika, maana huko nako magari hupita kushoto kama kwetu. Zikichoka mikononi mwa watu wa mjini huuzwa tena, na bei hushuka hata mtu wa kijijini naye huanza kupiga hesabu. Mwaka huu mimi na mke wangu tuliipiga hesabu hiyo, nami naieleza hapa kwa kuwa wengi wenu mtakuja kuipiga.

Hatukutafuta gari kwa fahari. Mtoto wetu wa pili ana ugonjwa wa selimundu, ambao mtoto huurithi kwa baba na mama wote wawili. Kliniki yake iko Bugando, Mwanza. Huko twaenda kwa basi, na tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe mwezi wa Juni 2025, hatungoji kivuko tena. Taabu yetu ni usiku. Homa au maumivu yakimshika, sharti afike upesi hospitali ya Sengerema, kilomita 35 kutoka kwetu, na usiku hakuna basi.

Kazi yangu ni ukarani wa parokia, na daftari la gari la parokia hukaa mezani kwangu. Kwa miaka mingi nimeandika humo matairi, shokapu, bushi, breki na oili. Daftari hilo limenifundisha jambo moja: bei ya kununua gari ni mlango tu, na gharama yenyewe iko ndani ya nyumba. Bwana wetu, katika Injili ya Luka sura ya 14, alitupa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, ambaye yampasa kuketi kwanza na kuhesabu. Basi tuliketi.

Tulikuwa na akiba ya shilingi 7,200,000. Magari mawili yalikuwa mbele yetu, yote mawili Corolla za mwaka 1998. La kwanza lilikuwa mjini kwa mfanyabiashara. Mita yake ilionyesha kilomita 94,000, na bei ilikuwa shilingi 8,200,000. La pili lilikuwa la mwalimu mstaafu. Hilo lilikuwa limekwenda kilomita 286,000, yaani zaidi ya mara 7 kuizunguka dunia, naye alitaka 6,500,000.

Mtu wa haraka angekopa akachukua la kwanza. Lakini nilipofungua mlango niliona mpira wa pedali ya breki umelika mpaka chuma chatokeza, usukani umekuwa laini kama mpini wa jembe la zamani, na kiti cha dereva kimebonyea. Gari la kilomita 94,000 halichakai hivyo. Mita ya kilomita yaweza kurudishwa nyuma, bali pedali haisemi uongo. Tena muuzaji alisifu namba yake, kwamba ni namba D. Herufi ya namba hukuambia gari lilisajiliwa lini hapa Tanzania, wala haikuambii lilitengenezwa lini.

Mwalimu alinipa daftari. Oili ilibadilishwa kila kilomita 5,000, na kila tengenezo lina tarehe yake. Hata hivyo, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilimwendea fundi asiyejuana na mwalimu, nikamlipa. Alifika alfajiri, injini ikiwa baridi bado, kwa sababu injini iliyokwisha pashwa moto huficha maradhi yake. Alitazama moshi: wa buluu maana yake injini inakula oili, mweupe mzito usiokoma ni dalili ya maji kuingia mahali pasipo pake. Alifungua kifuniko cha oili kuona kama pana utelezi mweupe kama maziwa. Alilala chini akagonga chasisi kutafuta kutu. Kisha tukahakikisha kuwa namba ya chasisi ni ile ile ya kwenye kadi, na kwamba kadi haikuwekwa rehani mahali.

Injini ilikuwa nzima. Lakini fundi alihesabu matairi manne, shokapu mbili, breki, na ule mkanda wa ndani ya injini uitwao taimingi, ambao ukikatika waweza kuvunja injini yote. Jumla shilingi 1,400,000. Nilimwonyesha mwalimu orodha, naye, mtu mwungwana, akashusha hadi 5,600,000.

Jioni ile nilimwandikia mke wangu hesabu ukutani kwa chaki, kama nilivyozoezwa chuo cha ualimu. Bei na matengenezo ni 7,000,000, na bado bima na kubadilisha kadi. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, lakini iliwekwa katika mafuta, basi twailipa tunapojaza petroli. Upande wa pili niliandika: mwaka jana tulikodi gari usiku mara tatu kwa shilingi 70,000, jumla 210,000. Kwa hesabu hiyo, kukodi ni rahisi mara nyingi.

Mke wangu alitazama ukuta kitambo. Akaniuliza, "Baba, na ule usiku wa nne umeuandika wapi?" Usiku huo mwenye gari alikuwa safarini, nasi tulikwenda kwa pikipiki katika mvua, mtoto katikati yetu akilia, kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake kukatutisha kuliko kilio. Sikuwa na safu ya kuuandika.

Tulinunua gari la mwalimu. Tuliuza ng'ombe mmoja kwa shilingi 900,000 ili baada ya yote ibaki akiba ya matengenezo, na kila mwezi twatia kitu katika kopo la gari kabla ya kununua sukari. Kazini naenda kwa baiskeli. Kliniki bado ni basi, maana nauli ni nafuu kuliko petroli. Padre alilibariki gari, na medali ya Mtakatifu Kristofa imening'inia, lakini haikuwekwa mahali pa breki mpya.

Ndugu msomaji, usiulize tu gari limekwenda kilomita ngapi. Uliza lilitunzwa na nani, na wewe utalitunza kwa fedha ipi. Ikiwa fedha yako yote inaishia kwenye bei, ngoja msimu mwingine. Gari lililolala uani kwa kukosa tairi halimpeleki mgonjwa hospitali.