Nyimbo Tulizokimbia Nazo

Nilipoanza darasa la kwanza, katikati ya miaka ya 1970, shule yetu ya msingi huko Njombe ilikuwa na nyimbo za aina tatu. Wimbo wa shule tuliuimba mstarini, mbele ya bendera, tumenyooka kimya kabla ya mwalimu wa zamu kutoa ishara. Nyimbo za kutambiana zilingoja siku ya mpira, tulipokwenda kupambana na shule jirani. Na kila alfajiri kulikuwa na nyimbo za mchakamchaka.

Hizo za mchakamchaka ndizo zilizotulea. Kiranja alianzisha, sisi tukaitikia, na mguu wa kushoto ukatua pamoja na kiitikio. Baridi ya Njombe ilisahaulika kabla hatujamaliza mzunguko wa kwanza wa uwanja. Hakuna aliyeshika karatasi: wadogo waliyapokea maneno kwa wakubwa wa darasa la saba, nao wakaja kuwarithisha waliowafuata. Humo ndimo nilimosikia kwa mara ya kwanza habari za Azimio la Arusha, za kilimo cha kufa na kupona, na za Mtu ni Afya, kampeni iliyoenezwa na redio nchi nzima mwaka 1973. Walimu walitufundisha siasa darasani, lakini mimi niliijulia barabarani, nikikimbia.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yakavamia Kagera. Tulikuwa mbali sana na mpaka ule, lakini haukupita muda nyimbo zetu nazo zikavaa magwanda. Mahindi na vijiji vya ujamaa vikawapisha wapiganaji wetu, na wimbo wa kumtupa Amin awe chakula cha mamba wa mto Kagera ukatukaa kooni. Kampala ilitekwa Aprili 1979, vita vikaisha, wimbo ukabaki. Miaka ya 1990, nikiwa sasa mwalimu, niliwasikia watoto waliozaliwa baada ya vita wakiuimba kwa hasira ileile. Amin mwenyewe alifia mbali na Kagera, huko Jeddah, Saudi Arabia, Agosti 2003.

Mabadiliko mengine yalikuja polepole. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, nyimbo za kukisifu chama zilianza kupungua pale nilipofundisha. Pengo lake likajazwa na mapambio ya kanisani na nyimbo za kuonya kuhusu UKIMWI, gonjwa lililokuwa likitumalizia wazazi wa wanafunzi wetu. Siku hizi watoto wengi wa mjini hushushwa na basi la shule kengele ikikaribia kulia, na muda wa kukimbia haupo tena. Katika mahafali, spika kubwa hupiga muziki uliorekodiwa, wanafunzi wakacheza bila kufungua kinywa.

Wapo wanaosema nyimbo za shule ni mambo ya kitoto. Nawakumbusha Enoch Sontonga. Alikuwa mwalimu katika shule ya misheni karibu na Johannesburg alipotunga, mwaka 1897, wimbo ambao kwaya yake iliuimba. Sauti ya wimbo huo ndiyo tunayoisimamia leo kwa heshima tunapoimba Mungu Ibariki Afrika. Wimbo wa taifa letu ulianzia kwa mwalimu na wanafunzi wake.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wakuu. Fungueni daftari la nyimbo za shule. Waiteni waliosoma hapo zamani, warekodini kwa simu, andikeni kila wimbo ulianza lini, nani aliutunga na uliimbwa kwa ajili ya nini. Kisha rudisheni mchakamchaka, hata kama ni siku moja kwa wiki, na mwacheni kiranja aanzishe. Waliotufundisha nyimbo hizo wanaondoka mmoja mmoja, na nyingi kati yake hazijaandikwa popote.