Kwa Baiskeli Kandokando ya Ziwa, Kisumu hadi Dunga

Mji wa Kisumu umelala tambarare, na mwenye baiskeli hulishukuru jambo hilo kabla ya jingine lolote. Kutoka Msikiti wa Jamia, uliojengwa mwaka 1919 katikati ya mji, hadi ufuo wa Dunga ni mwendo wa kama kilomita 5, na kurudi kwa njia nyingine hakumchoshi hata aliyekaa miaka mingi bila kukanyaga pedeli. Tulikuwa sita: wazazi wawili, wasichana wawili, mvulana wa miaka tisa, na Shangazi, ambaye amevuka miaka hamsini na mitano.

Kabla ya kuondoka Mombasa palikuwa na mjadala, nasi tunauleta hapa kwa kuwa twajua unafanyika katika nyumba nyingi. Je, yafaa mwanamke wa buibui aendeshe baiskeli barabarani? Babu aliona si adabu. Shangazi akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu kwa upole: "Baba, nilipokuwa nikienda Kisumu kuuza leso, kila siku nilipanda bodaboda za baiskeli. Nilikaa ubavu nyuma ya mwanamume nisiyemjua, na hakuna aliyeniambia kitu. Sasa nataka kushika usukani mwenyewe." Babu akanyamaza kitambo. Halafu akasema, "Basi funga nguo vizuri, isiingie kwenye cheni."

Bodaboda hizo zilianzia mpakani Busia, zikivusha watu na mizigo, na kwa miaka mingi ndizo zilizokuwa miguu ya Kisumu, mpaka pikipiki zikachukua nafasi yake. Keria ilitiwa godoro dogo, na abiria mwanamke alikaa upande kwa sitara yake. Hoja ya Shangazi hatukuweza kuipangua, wala hatukutaka.

Agizo la Babu nalo lilikuwa la hekima. Buibui pana linaloburura halifai. Gurudumu hulivuta na mwenye nguo akaanguka. Wanawake wetu walivaa suruali pana, na juu yake juba lililokoma kwenye muundi, na mitandio iliyobanwa kwa pini chini ya kofia ngumu. Tulichagua baiskeli za fremu iliyoshuka, zenye kifuniko cha cheni. Kwa mavazi hayo hakuna kilichofunuka wala kilichonasa.

Tuliondoka saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa limekwisha panda. Viboko hutoka majini usiku kula majani nchi kavu, na kabla ya mapambazuko si wakati wa kupita kando ya ziwa na watoto. Katika mtaa wa Oginga Odinga tulisimama kwenye mnara wa saa, uliozinduliwa mwaka 1938 kwa kumbukumbu ya Kassim Lakha, mfanyabiashara Mwismailia. Kutoka hapo njia huingia Milimani, penye miti mikubwa na magari machache, kisha hupita hifadhi ndogo ya Impala.

Hapa tuseme ukweli: anayetarajia kuendesha huku maji yako ubavuni mwake muda wote atavunjika moyo. Sehemu kubwa ya ufuo iko nyuma ya kuta na nyua za watu. Ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 huonekana kwa vipande, kama mwezi nyuma ya minazi. Kwa maoni yetu, mji uliobarikiwa maji namna hii ungewaachia wakazi wake angalau njia moja ndefu ya kuyatazama.

Pale Hippo Point ndipo uwazi ulipo. Siku hiyo upepo ulikuwa umesukuma gugumaji hadi ukingoni, na mvulana wetu akauliza ni nani aliyelima shamba lile. Asili ya mmea huo ni Amerika ya Kusini. Ulianza kuonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na ukijaa ghubani mashua hushindwa kutoka. Tumeona pia viti na vikapu vilivyosukwa kwa mabua yake makavu. Shangazi alinunua kikapu, akakifunga kwenye keria.

Dunga tulikaa muda mrefu kuliko tulivyopanga. Mashua za rangi huegeshwa kando ya mafunjo marefu, ndani yake ndege wadogo hulia bila kuonekana, na wanawake hungoja wakiwa na mabeseni samaki wateremshwe. Mwaka 2020 ziwa lilipanda kupita kiwango chake cha juu cha mwaka 1964, na ufuo huu ukafunikwa na maji. Mama mmoja muuza omena alimwonyesha Shangazi kwa mkono maji yalipofika; wakazungumza kuhusu mitaji na wajukuu kama watu waliojuana miaka.

Samaki hana swali la kuchinjwa, lakini mafuta yana swali. Tuliomba ngege wetu wakaangwe katika mafuta mapya na kikaango kilichooshwa, na mpishi hakuona tabu. Adhuhuri tulitia udhu, tukasali chini ya mti. Mombasa kibla kiko karibu kaskazini kabisa. Hapa tuligeuka kidogo kuelekea mashariki ya kaskazini, ziwa likiwa mkono wetu wa kushoto.

Tulirudi kwa Ring Road, kandokando ya Nyalenda. Kipande hiki si chepesi. Tuktuk na pikipiki hazimpishi mtu, na penye msongamano tulishuka, tukasukuma baiskeli kwa miguu, mtu mzima mbele na mwingine nyuma ya watoto. Wenye watoto wadogo zaidi ni bora warudi kwa njia ileile ya Milimani. Sisi tulizunguka hadi Kaloleni, mtaa wenye Waislamu wengi na wenye jina tulijualo tangu Kilifi, tukanywa chai kwa jamaa.

Atakayekwenda asitegemee ratiba ya sala ya Mombasa: Kisumu iko magharibi sana, na jua huko huchelewa kutua kwa kama dakika 20. Kwa sababu hiyo tulipata muda wa kurudisha baiskeli na kufika Jamia kabla ya adhana ya alasiri.