Ufunguo Ulibaki Kwenye Kufuli

Mwaka huu chama chetu kilitengeneza tovuti ya kuhifadhi sauti za bibi na babu zetu. Tuliwapigia simu Mombasa, Tanga na Unguja, wakatusimulia harusi za zamani na misemo ambayo sisi tuliokulia huku Uingereza tunaielewa nusunusu. Majina yao na namba zao za simu tuliyaweka kwenye hifadhidata, tukaifunga kwa nywila ndefu. Tukaona tumemaliza.

Jioni moja mwenzetu anayesoma kompyuta aliandika anwani ya tovuti yetu, akaongeza mkwaju na jina la faili: .env. Nywila yetu ikatokea kwenye skrini, nzima.

Programu ya tovuti huisoma nywila katika faili la mipangilio ili iweze kufungua hifadhidata. Sisi faili hilo tuliliweka katika folda ambayo seva humpa kila anayeomba. Mlango tuliufunga, ufunguo tukauacha kwenye kufuli.

Tulijipa moyo: nani atajua? Kisha tukafungua kumbukumbu za seva. Kompyuta tusizozijua zilikuwa zimeliomba faili hilo mara 11, na kila mara seva ilijibu 200, yaani "haya, chukua". Hakuna aliyetulenga sisi. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana, zikijaribu jina hilohilo kwenye kila tovuti.

Tulilihamisha faili, lakini hilo halikutosha, kwa kuwa aliyekwisha kuisoma nywila bado anayo. Tukaibadilisha, tena tukaizuia hifadhidata isimjibu yeyote aliye nje ya seva yetu.

Ikabaki kuwaambia wazee. Tuligawana simu, na haya zimetujaa. "Shikamoo bibi, tumekosa." Tulimweleza kila mmoja kwamba huenda mtu ana namba yake, na akiletewa ujumbe wa kutuma hela, hata ukitaja jina la mjukuu, asitume kabla ya kutupigia.

Bibi mmoja wa Tanga alicheka. "Siri ya mtungi aijuaye kata, wajukuu zangu. Nyinyi kata mmewagawia wapita njia." Halafu akauliza kama bado tunataka kusikia mwisho wa ile harusi.

Tunataka, bibi. Na wewe msomaji mwenye tovuti, jaribu leo kuliomba faili lako mwenyewe. Ukijibiwa 404, ushukuru.