Mpokeaji Hajulikani Hapo

Nilikuta simu 11 ambazo sikupokea. Nane zilikuwa za namba nisiyoijua, tatu za Mama. Ilikuwa Ijumaa saa kumi jioni, na nilikuwa nimetoka tu kwa rafiki yangu Githurai, ambako nilienda kuomba stima. Tokeni zangu ziliisha usiku na kuna mwanafunzi huko Marekani aliyekuwa akisubiri insha yake kuhusu maadili ya biashara. Ndiyo, hiyo ndiyo kazi yangu kubwa, hizi zingine naandika nikipata nafasi. Nimesaidia wageni wengi kupata digrii na yangu niliiacha mwaka wa pili. Na nikiandika, huwa nazima mlio wa simu.

Chini ya zile simu kulikuwa na ujumbe: "Boss niko kwa geti ya hosteli na mzigo wako. Soja anasema hakujui."

Hosteli. Nilihama hosteli karibu miaka miwili iliyopita.

Wacha nieleze. Mama anaishi karibu na Chwele, kaunti ya Bungoma, kama kilomita 400 kutoka Nairobi. Tangu nijiunge na chuo amekuwa akinitumia chakula kwa basi la usiku. Anashona mdomo wa gunia, anaandika jina langu na namba ya simu kwa wino mzito, kisha ananipigia kusema limeondoka. Asubuhi naenda ofisi ya basi River Road, naonyesha kitambulisho, natia sahihi, nabeba. Utaratibu huo ulinifaa kwa sababu moja: haukuniuliza ninapoishi. Basi halijui kama uko chuoni ama uliacha. Linajua namba yako ya simu, basi.

Na si mimi tu. Sisi tulikua na sanduku la posta la shule ya msingi. Barua ya nyumbani kwetu ilienda mjini, mwalimu akaichukua, mtoto fulani akaibeba ndani ya daftari la hesabu, na ikifika ilikuwa imepita mikono minne. Hakuna mtu aliyewahi kuuliza namba ya nyumba kwa sababu nyumba haikuwa na namba. Siku hizi tunanunua viatu kwa simu na tunataka vije mlangoni, lakini mlango bado hauna namba. Mwenye boda anakuja akiwa na jina la mtaa na imani. Umeona kinyozi? Vinyozi ni watatu. Ile iko karibu na transfoma. Transfoma gani? Usiposhika simu hapo, huna nyumba. Mwaka jana nilikosa chaja ya kompyuta wiki nzima hivyo hivyo. Iliachiwa keretaka nikiwa nje, naye akaikalia mpaka nilipe kodi ya mwezi. Hakuiiba, alisema. Aliihifadhi.

Sasa Mama alikuwa amesikia kwamba ukiongeza shilingi 300 mzigo unaletwa mpaka mlangoni. Akaongeza. Hakuniambia, kwa sababu kwa hesabu yake nilikuwa kwenye mitihani ya mwisho, na alitaka nifunguliwe mlango na kuku. Anwani alikuwa nayo. Siku aliyonileta chuoni aliandika jina la hosteli, ghorofa na namba ya chumba nyuma ya kalenda, na kumbe ile kalenda hajawahi kuitupa.

Yule mwenye boda alinipigia mara nane. Kisha akafanya kile ambacho mimi pia ningefanya: akapiga namba ya aliyetuma.

Alinieleza mwenyewe nilipompigia. "Ilibidi nimpigie mathe. Nikamwambia huyu mtu hakai hapa, soja anasema alitoka kitambo, ati aliacha shule." Akanyamaza kidogo. "Kwani nimeharibu?"

Nikamwambia hapana. Nilikuwa nimekasirika, sitadanganya, lakini jamaa alikuwa amesimama kwa jua dakika 40 na gunia la kilo 20 nyuma ya pikipiki. "Mimi nalipwa nikifikisha," akasema. "Nikirudisha, mafuta ni yangu."

Gunia likarudi kwa godauni yao Industrial Area. Nilifika Jumamosi saa saba mchana na walikuwa wamefunga saa sita. Namba ya huduma ilinichezea muziki mpaka salio likaisha. Jumapili hakuna kazi. Avokado hazijui wikendi.

Sikumpigia Mama Ijumaa. Hata Jumamosi. Alipiga tena mara mbili, nikaangalia simu ikiwaka hadi ikazima. Nilijiambia nitampigia nikishapata mzigo, angalau niwe na habari moja nzuri.

Jumatatu nililipa 200 za kuwekewa, nikapewa karatasi nitie sahihi. Palikuwa na mstari wa sababu ya kurudishwa. Mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: mpokeaji hajulikani hapo. Niliisoma mara mbili huku aliye nyuma yangu akiniambia nisonge.

Nililifungua nyumbani. Unga wa wimbi ulikuwa salama, njugu pia. Mrenda ilikuwa imegeuka nyeusi. Kati ya avokado 12 niliokoa nne. Kuku alikuwa amekaangwa vizuri na kufungwa kwa karatasi tatu za nailoni, na siku nne ni siku nne. Juu yake kulikuwa na kipande cha daftari: Kuku ule kwanza. Soma vizuri.

Nikapiga.

"Mzigo umefika?"

"Umefika, Mama."

"Na kuku?"

"Ameharibika."

Nikasikia akivuta pumzi. "Nilidhani uko huko, baba."

Nikaanza kueleza. Karo ya mihula miwili, mkopo uliochelewa, vile nilivyosema nitapumzika muhula mmoja tu nitafute pesa, vile kila mwezi uliopita ulifanya mwezi uliofuata kuwa mgumu kusema. Akanikatiza.

"Hayo utaniambia ukija. Na utakuja. Saa hii unalala wapi?"

Nikamwelekeza. Kahawa West. Ukishuka stej, fuata barabara ya vumbi mpaka posho mill, pinda kushoto, ploti ya pili, ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho. Alikuwa akiandika, nilisikia akirudia maneno polepole kama mtu wa imla. Akauliza geti ni ya rangi gani. Nyeusi.

"Na wakija kama haupo?"

Sikuwa na jibu tayari. Nikampa namba ya mama mboga wa pale getini. Yeye hufungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa tatu usiku. Hakai kwenye ploti yetu, lakini ndiye mtu pekee ambaye huwezi kumkosa.

Gunia la pili lilikuja wiki mbili zilizopita. Nilikuwa nje tena. Niliporudi nilimkuta mama mboga amelikalia, anakata sukuma.

"Nimekutilia sahihi," akasema. "Halafu mama yako alipiga. Ameuliza kama unakula."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia ukweli."